Mapigo Manane ya Kimya

Masista wa monasteri yetu hapa Modena tuko thelathini na wanne, na hakuna hata mmoja anayeniweza kwa kuhesabu. Sijisifu. Nasema kwa sababu ni kweli, na kusema kweli si dhambi. Nipe wimbo wa sauti sita, niwekee katikati yake kimya kirefu kama Kwaresima, nitekenye, nimwagie maji shingoni: pigo langu likifika litanikuta nimesimama mlangoni naligoja. Miaka mitatu nimeimba sauti ya chini kabisa, na sijaingia kabla ya wakati wala baada ya wakati hata mara moja.

Hivyo ndivyo nilivyokuwa nikiwaringia wanovisi mpaka asubuhi ya sikukuu ya Mtakatifu Magdalena.

Naitwa Sista Tarsia. Nina miaka kumi na tisa, na Mungu, kwa utani wake, alinipa sauti ya fahali. Siku nilipoletwa mama yangu alitangaza langoni kwamba binti yake anaimba, masista wakakaa tayari kusikia chiriku. Nilipofungua mdomo, sista mlinzi wa lango alikimbia kuangalia kama kuna mwanamume ameponyoka kuingia. Walicheka wote. Mmoja tu hakucheka, Sista Deodata, mzee wa miaka sitini na minane, aliyekuwa akiimba sauti hiyo hiyo ya chini tangu kabla mama yangu hajazaliwa.

"Afadhali," alisema akinishika mashavu. "Kumbe hatutakufa sote, mimi na sauti yangu."

Sisi tunaimba nyuma ya wavu wa chuma. Watu wa mjini hukaa kanisani upande wa pili; wanatusikia, hawatuoni. Tangu maaskofu wakutane kule Trento na kuzikaza sheria za masista, matundu ya wavu yamezidi kuwa madogo, lakini sauti haina mabega, inapita. Kuna wafanyabiashara wa siki pale mjini waliowahi kuapa kwamba tumemficha bwana mnene mle ndani. Sista Deodata alikuwa akisikia hivyo anafurahi wiki nzima.

Shida yake ilikuwa macho. Kila sauti ina kijitabu chake chenye mstari wake tu. Cha kwetu nilikishika mimi, naye hakukihitaji kwa sababu akijifunza kitu hakimtoki. Alichokosa ni mkono wa Sista Massimilla, kiongozi wetu, anayepiga mapigo hewani. Ukungu ulikuwa umemmeza Sista Massimilla pamoja na mkono wake. Basi tukabuni njia. Sista Deodata aliweka mkono wake wa kushoto juu ya ukingo wa mbao, kiganja kikitazama juu, na mimi nikamgusa kwa kidole: kila pigo mguso mmoja. Wakati wa kuingia ukifika, namchora mstari mmoja kutoka kifundo hadi ncha ya kidole cha kati. Mstari maana yake: sasa. Hakuwahi kuuliza mara mbili. Ukimchora, anaimba.

Mama Mkuu hakuipenda habari ile. Pasaka iliyopita alisema wazi mezani kwamba Sista Deodata amechoka, apumzike juu, katika chumba cha wazee. Sista Massimilla akamwombea.

"Mama, niachie mpaka akosee."

"Na akikosea?"

"Mara moja tu, nitampandisha mwenyewe kwa mikono yangu."

Jioni ile Sista Deodata aliniambia, "Wakinipandisha kule, Tarsia, sishuki tena ila nimebebwa. Kule watu hawaimbi. Wanakohoa kwa zamu."

"Basi tutawafundisha kukohoa kwa sauti sita, bibi," nikasema.

Alinichapa kofi la kichwa, la mapenzi.

Majira ya baridi yote Sista Massimilla alikuwa amejifungia akitunga wimbo wa Magdalena. Huyu mama hapendi muziki mlaini. Anasema muziki usiouma ni wa kusindikizia karamu. Alitutungia machozi: sauti mbili zinasogeleana mpaka zinakwaruzana, unahisi jino linakuuma, halafu badala ya kukuonea huruma anakuongezea ya tatu. Magdalena anapoinama kuchungulia kaburini, sauti zinashuka kidogo kidogo, nusu hatua nusu hatua, kama mtu anayeshuka ngazi gizani asijue iliyobaki ni mingapi. Kisha yule anayemdhani mtunza bustani, kumbe ni Bwana mwenyewe, anageuka. Na hapo kila kitu kinakatika. Sauti kimya, kinanda kimya. Mapigo manane mazima hakuna kitu. Kisha, kutoka chini kabisa, sauti ya Sista Deodata peke yake inamwita jina: "Maria." Na papo hapo, bila kupumua, sauti tano za juu zinalipuka: "Mwalimu!"

"Mapigo manane ni mengi," Mama Mkuu alisema siku ya mazoezi. "Watu watadhani tumezimia."

"Ndiyo, Mama," Sista Massimilla akajibu. "Na atakayekohoa ndani ya kimya changu, nitamtoa koo."

Na "Maria" ile alipewa Sista Deodata aimbe peke yake. Mimi kazi yangu pale ilikuwa kidole tu.

Sikukuu iliangukia Jumamosi. Joto lilikuwa la kuoka mkate bila tanuri. Upande wa pili alikuja Monsinyori, naibu wa askofu, akawekewa kiti cha mahameli chini kabisa ya wavu wetu. Mimi, kwa urefu wangu, nilikuwa na tundu langu la kuchungulia, nikamwona vizuri: mtu mzito, kofia mapajani, upara unang'aa kwa jasho. Mbele yangu, ng'ambo ya duara letu, alisimama Sista Lionella wa sauti ya pili. Lionella ni shoga yangu. Akikaa karibu nami Sista Massimilla hututenganisha, na tukitenganishwa tunatazamana, ambayo ni mbaya zaidi. Nyuma yetu, kwenye mivukuto ya kinanda, alikuwepo Sista Menega, sista wa jikoni, mwanamke wa mashamba mwenye mikono kama ya mhunzi. Bila yeye kupampu kinanda hakina pumzi. Sista Menega haongei sana. Mimi nilimzoea kama unavyozoea ukuta.

Tulianza vizuri. Tulianza vizuri mno, naapa. Tulipofika kwenye machozi nilisikia mwanamke upande wa pili akivuta pumzi kwa nguvu. Tukashuka zile ngazi za kaburini. Tukakatika.

Kimya.

Nikamgusa Sista Deodata kiganjani. Moja. Mbili. Tatu.

Na hapo nzi akatua juu ya upara wa Monsinyori.

Sikumtafuta. Alitua mbele ya tundu langu. Alitembea kidogo, akasimama katikati kama mhubiri, akasugua mikono, akaanza safari kuelekea sikioni. Monsinyori hakutikisika: alikuwa amefumba macho, amelewa kimya cha Sista Massimilla. Nikamtazama Lionella. Yeye hakuwa na tundu, maskini, alikuwa anakosa yote. Basi nikainua kidole changu, kile kile, nikakitembeza hewani: hatua, hatua, simama, sugua mikono, hatua. Lionella akaelewa. Alitumbukiza uso wote ndani ya kijitabu chake, mabega yakamruka.

Niliporudisha kidole nikakuta kiganja kiko wazi kinangoja, na mimi sijui ni pigo la ngapi. Nilitafuta mkono wa Sista Massimilla. Ulikuwa unapanda au unashuka, sikujua. Nikahisi tumechelewa. Nikahisi kabisa kwamba kila mtu ananingoja mimi. Nikachora mstari.

Sista Deodata akaimba. "Maria."

Ilitoka nzuri kuliko siku zote, nene, ya upole, na ilitoka mapema. Ilidondoka katikati ya kimya. Wenzetu walikuwa wameukazia macho mkono wa Sista Massimilla, na mkono haukubadilika, kwa hiyo jina likaisha na hakuna aliyejibu. Likabaki limening'inia. Nilimwona Sista Deodata akigeuza kichwa huku na huku kama mtu aliyebisha hodi kwenye nyumba isiyo na watu. Moja, mbili, tatu, nne. Ndipo wakalipuka, "Mwalimu!" na wimbo ukaendelea hadi mwisho.

Baada ya Misa Sista Massimilla alituita sisi wawili sakristia. Hakuwa na hasira, heri angekuwa nayo. Alikuwa mweupe kama mshumaa.

"Sista Deodata, ulihesabu ngapi?"

"Mimi sihesabu, mwanangu. Nangoja mstari."

"Na mstari ulikuja?"

"Nilihisi umekuja."

Sista Massimilla akanigeukia. "Tarsia. Ulimchora saa ngapi?"

Sasa nisikilize. Kulikuwa na nafasi. Ilikuwa pana kuliko lango la mji, na neno lililotakiwa lilikuwa moja tu: mapema. Lakini nilifikiria nzi. Nilijiona nikieleza habari za nzi mbele ya mtu aliyefanya kazi majira ya baridi yote kwa mapigo manane. Ulimi wangu, ambao haujawahi kukosa la kusema, ukasema:

"Kwenye la nane, Sista. Kama kawaida."

Sista Deodata alifungua mkono wake wa kushoto, akaukunja, akaufungua tena.

"Basi ni mkono," alisema polepole. "Umekufa ganzi. Nilihisi kitu ambacho hakikuwepo. Tarsia yuko sawa. Mtoto huyu hakosei."

Ningependa kusema nilikohoa, au nilipiga hatua mbele. Nilitazama kucha zangu.

Mchana ule ule, kupitia kile kisanduku cha langoni kinachozunguka, kililetwa kikapu cha mapichi kutoka kwa Monsinyori, na ujumbe. Sista mlinzi wa lango aliusoma mezani. Monsinyori alisema hajawahi kusikia ujasiri kama ule: kwamba Magdalena aitwe jina lake ghafla, halafu ashindwe kujibu, akose pumzi kwa mapigo manne mazima kabla ya kulia "Mwalimu!" Alisema pale alitokwa na machozi. Alimpongeza aliyetunga.

Wenzangu walipiga makofi. Mimi nilipumua kwa mara ya kwanza tangu asubuhi. Nikamwambia Lionella kwa kunong'ona, "Unaona? Tumeuboresha wimbo."

"Tume... wewe na nani?" Lionella akanong'ona. Hakuwa anacheka. "Mimi sikumchora mtu kiganja."

Nikauma pichi langu.

Sista Massimilla alisimama, akaweka lake mezani bila kuling'ata. "Kosa likisifiwa linabaki kosa," alisema. "Mama Mkuu, niliahidi."

"Uliahidi," Mama Mkuu akasema. "Basi wiki ijayo. Ijumaa akiri kosa lake barazani, Jumamosi apande juu. Sista Tarsia atachukua sehemu yake."

Ndivyo nilivyopata "Maria." Nilikuwa nimeitamani tangu mazoezi ya kwanza, sitaficha. Sasa niliipata bila kunyoosha hata mkono. Kidole tu.

Siku zile sita zilikuwa ndefu kuliko miaka yangu mitatu. Sista Deodata hakulalamika. Alianza kunifundisha ile "Maria" kila alasiri, kwenye kibaraza cha bustani, kana kwamba ananikabidhi mtoto.

"Usiisukume," alikuwa akisema. "Unaisukuma kama mlango uliokwama. Huyu bwana hamwiti mtu wa mbali. Amesimama karibu naye, anamwona analia. Mwite kama unavyomwita mtu anayekupa mgongo na hutaki ashtuke."

Niliimba. Ilitoka kama ng'ombe anayedai maji.

"Ee, Mungu wangu," akacheka mpaka akashika mbavu. "Ndama! Tutakuwa na Bwana anayeita ng'ombe zizini. Rudia."

Akimaliza kunifundisha alininyooshea mkono wa kushoto. "Nipake, mwanangu. Labda utaamka kabla ya Jumamosi."

Kwa sababu aliamini kabisa kwamba ni mkono. Jumatatu alinituma jikoni nikaombe mafuta ya zeituni. Sista Menega alinimiminia kidogo kwenye kibakuli akaniuliza ya nini. Nikamwambia ni ya mkono wa Sista Deodata uliokufa ganzi. Alinitazama, kisha akapasha mafuta moto bila kuombwa na kunipa.

Kila jioni kabla ya masifu nilimkanda kiganja kile. Nilikijua kuliko uso wangu: mistari yake, kovu la kisu cha utotoni, mfupa uliojitokeza chini ya kidole gumba. Nilipokikanda yeye alifumba macho.

"Hapa unahisi?" nikauliza.

"Nahisi."

"Na hapa?"

"Nahisi pia. Hilo ndilo la ajabu. Nahisi kila mahali." Akafumbua macho. "Labda si mkono, basi. Labda ni kichwa. Tarsia, unadhani ni kichwa kinaondoka? Niambie tu. Mama yangu kiliondoka mapema, alikuwa anamwita mbuzi kwa jina la baba."

Nilifungua mdomo. Naapa nilikuwa na neno lenyewe ulimini, nililionja.

"Ukianza kuita mbuzi Monsinyori," nikasema, "hapo nitakuwa na wasiwasi."

Alicheka, maskini. Alicheka akanipapasa kichwa kwa mkono ule ule wenye mafuta, na mimi nikaketi pale nanuka kama saladi, nikijichukia.

Usiku nilijiambia: Ijumaa. Ijumaa kwenye baraza nitasema. Kwetu kila Ijumaa asubuhi tunakutana chumba cha baraza, na kila mmoja anapiga magoti katikati, mbele ya wote, anataja makosa yake ya wiki. Mkubwa kwa umri huanza. Tukimaliza kutaja yetu, Mama Mkuu huuliza kama kuna dada anayejua kosa ambalo mwenzake amelisahau. Kwa kawaida hakuna anayejibu. Ni kama kuuliza baada ya karamu nani hakushiba. Nikajiambia mahali pa kusema ni pale, na nikaona hata raha kidogo: mimi nimepiga magoti, machozi, wote wanashangaa moyo wangu mzuri. Ndiyo, hata dhambi yangu nilikuwa nimeipangia sauti sita.

Ijumaa ikafika. Sista Deodata alishikwa mkono akaletwa katikati. Ilimchukua muda kupiga magoti.

"Nimeingia kabla ya wakati wangu," alisema, "nikaharibu kazi ya mwenzangu ya miezi mitano. Mwili wangu umenidanganya nami nikauamini. Na wiki hii nimemwonea wivu Sista Tarsia, kwa sababu anaanza na mimi namaliza. Naomba anisamehe."

Anisamehe. Alisema hivyo.

Mama Mkuu alimpa kitubio chepesi, akamwambia kitanda chake kimeshatandikwa juu, upande wa dirisha. Wenzangu wakapita mmoja mmoja. Huyu alisinzia kwenye somo, yule alinung'unikia maharage. Mimi huwa karibu na mwisho. Nikapiga magoti. Mawe yalikuwa ya baridi hata Julai. Nilimwona Sista Deodata amekaa mbele yangu, uso umeinuliwa kidogo kama anavyofanya akisikiliza.

"Nimevunja chupa ya siki," nikasema. "Nimecheka wakati wa chakula mara mbili. Mara tatu. Na Jumatano nilichelewa kuamka."

Basi. Hayo ndiyo yaliyotoka. Nilingoja yale mengine yafuate, hayakufuata.

"Kuna lingine?" Mama Mkuu aliuliza.

"Hakuna, Mama."

Akainua macho, akaangalia kuta zote nne, akauliza lile swali lake la kila Ijumaa. "Yuko dada anayejua kosa ambalo mwenzake amelisahau?"

Nilikuwa nimeshaanza kunyanyua goti moja.

"Mimi," sauti ilisema kutoka mlangoni.

Masista wa jikoni hukaa kule, kwenye benchi la nyuma. Sijawahi kumsikia hata mmoja akisema neno barazani. Sista Menega alikuwa amesimama, mikono ndani ya aproni.

"Muziki sijui, Mama," alisema. "Lakini mivukuto ina hesabu yake, na hesabu hiyo naijua. Kwenye kile kimya sina kazi. Nahesabu, nisije nikachelewa kuvuta. Nilikuwa namtazama huyu mgongoni. Alipofika tatu aliinua kidole akakitembeza hewani kama mdudu. Lionella akacheka. Kisha akarudi akamchora Sista. Mimi nilikuwa kwenye tano."

Lionella aliinamisha kichwa mpaka kidevu kikagusa kifua.

"Siku sita nimengoja," Sista Menega aliendelea, na sasa alikuwa ananitazama mimi, si Mama Mkuu. "Nilidhani atasema mwenyewe, ni mtoto tu. Jumatatu akaja kuniomba mafuta. Nikamuuliza ya nini, nikampa nafasi. Akasema ni ya mkono wa Sista uliokufa. Mama, mkono ule haujafa."

Nilibaki pale, goti moja chini, moja juu, si aliyetubu wala aliyesimama. Nilitafuta utani. Nilitafuta kila mahali.

Sista Deodata ndiye aliyesema kwanza, na hakusema na mimi. Aligeuza uso upande wa mlango.

"La tano, umesema?"

"La tano, Sista," Menega akajibu.

"Basi mwili wangu haukunidanganya," Sista Deodata akasema, akikunja kiganja chake cha kushoto na kukifungua.